Mwaka Tuliopima Dunia kwa Mandazi

Tarehe kumi na moja ya mwezi wa tano tulimzika Papa Lonema, muuza nyama wa Nyakasanza. Pamoja naye tulimpoteza mtu wa mwisho katika Bunia, nadhani, aliyeweza kumzungushia ng'ombe kamba kifuani na kukutajia uzito wake kabla hujamaliza kumsalimu. Sikulia makaburini. Mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Nililia kesho yake nikiosha sufuria, na hata hapo kidogo tu. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikikumbuka mwaka mmoja kati ya yote niliyomjua, mwaka ambao yeye, mimi na mwalimu mmoja wa Mahagi tulijisumbua na wanyama waliokufa kabla hajazaliwa mtu yeyote. Nimeamua kuuandika. Nilisoma hadi mwaka wa pili wa sekondari nikaishia hapo, kwa hiyo msomaji asitafute hapa elimu. Atafute yaliyotokea.

Habari za wazazi wangu naziacha, zina kitabu chao. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, jina langu Kavira, nimetoka upande wa Beni na begi moja, na kwamba Mama Jeanne, mke wa Papa Lonema, alikuwa akitafuta msichana wa kukaanga mandazi asubuhi na kuwapikia mchana wale wanunuzi waliotaka kula nyama yao papo hapo. Ulikuwa mwaka wa amani ya mashaka. Bunduki zilikuwa zimenyamaza mjini, lakini watu bado walilala na viatu karibu na mlango, na mlio wa bati lililopasuka kwa jua ulitosha kuwanyamazisha wote waliokuwa mezani. Ng'ombe walikuwa wameanza kurudi. Wakati wa vita watu walikula mbuzi, tena kwa siri. Sasa makundi madogo yaliletwa kwa miguu kutoka upande wa Marabo, na Papa Lonema alitoka asubuhi kusimama langoni kuangalia mavi mabichi barabarani. Alifurahia mavi ya ng'ombe kama mtu mwingine anavyofurahia maua. Mama Jeanne aliniambia mapema kwamba hicho ndicho kitu pekee kinachomfurahisha. Mtoto wao Dieudonné alikuwa ameuawa katika vita, na tangu wamzike, mama alisema, mume wake hajacheka hata mara moja.

Naiona bado ile nyumba. Mbele palikuwa na bucha, mlango wa buluu wenye matundu mawili ya risasi yaliyozibwa kwa sabuni. Nyuma palikuwa na jiko langu, ukuta mweusi kwa moshi, meko matatu ya udongo, meza moja ndefu na mabenchi mawili. Kati ya bucha na jiko palikuwa na dirisha lisilo na kioo, na ndani ya dirisha lile ilining'inia mizani ya sahani mbili, ya shaba, iliyokuwa ikitumika pande zote mbili: huku nyama, huku unga. Kupitia dirisha lile nilisikia kila kitu. Mtu anayepika hasikilizi, lakini anasikia.

Nyama tulifunga kwa karatasi. Baada ya vita soko lilijaa karatasi zilizoporwa ofisini, misheni, shuleni, zikiuzwa kwa marundo kama majani ya ndizi, na hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Papa Lonema alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wateja: hakufunga nyama kwa ukurasa ambao hajausoma. Mteja alisimama, nyama imekatwa, nzi wanazunguka, yeye anasoma. Asubuhi moja nilisikia kisu kikianguka.

"Kavira! Kuya! Acha ile sufuria, kuya uone nyama!"

"Nyama gani, Papa?"

"Yenye kuwa mu kitabu!"

Ilikuwa picha ya mizani. Kwenye sahani moja walikuwa wamesimama tembo kumi na wawili, wamebanana kama abiria. Kwenye sahani ya pili alisimama mnyama mmoja, shingo ndefu, mkia mrefu, kichwa kidogo kama cha mbuzi aliyeambiwa jambo asilolielewa. Sahani zilikuwa sawa. Chini yake Kifaransa kilisema kwamba huyu ni dinosaria, kwamba aliishi zamani mno, na kwamba hakuwahi mwanadamu kumwona.

"Sasa ile ni munyama ao ni nyumba?" akauliza mama mmoja aliyekuwa akisubiri maini yake.

Papa Lonema aliinama juu ya ukurasa. Alikuwa akitazama miguu. Maini alimfungia kwa ukurasa mwingine, bila kuusoma, na ule wa tembo akauingiza katika mfuko wa shati.

Mchana ule ule Profu Ukumu alipokuja kula, alikuta ukurasa umelala kwenye nafasi yake juu ya meza. Huyu Profu alikuwa kijana mwembamba wa Mahagi, mwalimu wa jografia na fizikia, anakula polepole kama mtu anayesahihisha mitihani. Nilikuwa nimempa bugali ya muhogo, sombe ya majani yake na kipande cha samaki wa Kasenyi, lakini Papa Lonema alisogeza sahani pembeni.

"Weye Profu, unafundishaka batoto hii mambo?"

"Ninafundishaka, Papa."

"Na banakubali?"

"Banaandika."

"Mi sikubali. Mi niko na miaka arobaini mu nyama. Hii uzito haiwezi kusimama juu ya hii miguu. Angalia! Ni kama mbuzi amesimama na miguu ya kuku."

Nakumbuka maneno hayo ya mwisho kwa sababu baadaye yalirudi. Profu alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu swali lilikuwa zuri. Akaomba kisu na nyama isiyo na mfupa. Akamwambia Papa Lonema akate kipande kimoja pande zote sawa, kama kipande cha sabuni. Halafu akamwambia atengeneze kingine kama kile, urefu mara mbili, upana mara mbili, kimo mara mbili, kwa kupanga vipande vilivyo sawa na kile cha kwanza. Papa Lonema alikata, akapanga, akahesabu kwa kidole chenye damu. Nane. Akavipangua, akavipanga tena. Nane.

"Urefu mara mbili, nyama mara nane," Profu akasema. "Sasa angalia pale chini, pale inakalia. Ni ngapi?"

"Ine."

"Njo vile. Nyama mara nane, nyayo mara ine tu. Munyama akizidi kuwa mukubwa, miguu inabaki nyuma."

Papa Lonema alifuta kidole kwenye aproni. Kisha alikwenda ukutani akaitoa kamba yake. Kamba ile ya katani ilikuwa na mafundo. Unamzungushia ng'ombe nyuma ya miguu ya mbele, unaangalia fundo gani limefika, na kila fundo ni kilo ishirini zaidi. Aliinyosha juu ya meza, kati ya sombe na samaki, na kwa mara ya kwanza mimi nikaona kitu ambacho vidole vyake vilikijua kwa miaka arobaini: mafundo ya mwanzo yalikuwa mbalimbali, na kadiri ulivyokwenda mbele, upande wa ng'ombe wakubwa, mafundo yalikaribiana.

"Njo maana!" akapiga meza hadi chumvi ikaruka. "Kumbe njo maana! Mi nilifungaka tu, nilifuata balansi ya pale dirishani, sikujua sababu!" Na akacheka. Mama Jeanne alitoka chumbani akiwa na shanga za rozari mkononi, akasimama mlangoni, akamtazama mumewe anavyocheka na kamba, akarudi ndani. Mimi nikaona mabega yake yakitikisika.

Tangu siku ile mnyama yule alikuwa mtu wa nyumbani. Tulimwita Muzee. Muzee alikunywa maji kiasi gani? Muzee akilala, anaamka namna gani? Mama Jeanne alisema Mungu aliwaumba na Mungu akawaondoa, "na weye Lonema unataka kumufungulia Mungu dosye ya polisi," lakini naye aliuliza siku moja, akipembua maharage, kama Muzee alikuwa na maziwa. Katika mwezi wa saba, mvua ilipopungua, Papa Lonema akataka kumwona kwa ukubwa wake. Tukaenda watatu kwenye kiwanja cha mpira nyuma ya kanisa, mimi nimebeba ndoo mbili za majivu ya jiko langu, tukamchora chini, hatua kwa hatua, kufuata vipimo vya kwenye ukurasa. Kiwanja kilikuwa kidogo. Mkia ulivuka goli ukaishia kwenye viazi vya mtu. Tulipofika kwenye mguu wa mbele, Papa Lonema amepiga magoti anazungusha kamba yake juu ya majivu, gari la askari wa kofia za buluu, wale wageni waliolinda amani, likasimama. Walishuka wanne, na mkalimani wao, kijana wa hapa hapa mjini, shati jeupe, uso wa wasiwasi. Wakati ule mtu akichora mistari chini kulikuwa na sababu ya kuogopa: mpaka wa shamba, kaburi, au mahali pa kuficha kitu.

"Banauliza munafanya nini."

"Waambie tunapima nyama," Papa Lonema akasema bila kuinua kichwa.

"Nyama iko wapi?"

"Ilikufa."

Mkalimani akarudi hatua moja nyuma. "Nani aliua?"

"Hatujue. Njo tunatafuta."

Namwona bado yule kijana akifungua mdomo kutafsiri na kuufunga. Profu ikabidi aeleze kwa Kifaransa, mmoja wa askari akaelewa, akawaambia wenzake, na wote wanne wakaanza kutembea juu ya Muzee kutoka kichwa hadi mkia wakihesabu hatua na kucheka, bunduki zimeangalia chini. Mmoja alijilaza ndani ya tumbo ili mwenzake ampige picha. Jioni mji mzima ulisema kwamba Lonema wa nyama amewalaza askari wa kigeni ndani ya ng'ombe wa majivu.

Hadi hapo lilikuwa swali tu. Jibu lilitoka jikoni kwangu, na sijui kama ni jambo la kujivunia. Ilikuwa asubuhi, ninakaanga. Profu alikuwa amemweleza Papa Lonema kwamba uzito si wa nyama peke yake, ni dunia inayovuta. Mtu angekuwa mwezini angekuwa mwepesi, ingawa nyama yake ni ile ile. Papa Lonema alilichukua jambo hilo akalitafuna siku mbili. Kama miguu ya Muzee haikutosha kwa dunia ya leo, basi dunia ya zamani ilivuta kidogo. Lakini kwa nini? Alikuja kusimama nyuma yangu, mikono mgongoni, anatazama mafuta. Bonge la unga linazama, linapanda, linavimba, ngozi yake ya kahawia inapasuka, na katikati ya mipasuko unaonekana unga mweupe. Alichukua andazi la moto kwa vidole, akalizungusha mbele ya macho.

"Kavira. Angalia hii vipande. Mbele ya kuvimba ilikuwa kitu kimoja."

"Ndiyo, Papa. Nikiitoa mapema haipasuke."

Akakimbia. Namaanisha kwamba alikimbia, mzee wa miaka sitini, na aproni ya damu, hadi kwa Profu shuleni, akarudi naye na ramani ya dunia iliyochanika. Wakaweka andazi juu ya ramani. Ubavu wa Afrika na ubavu wa Amerika zilikuwa kama pande mbili za ufa mmoja. Dunia, Papa Lonema akatangaza, ilikuwa ndogo kama bonge, ikavimba, ngozi ikapasuka, mahali palipopasuka pakajaa bahari. Ilipokuwa ndogo ilivuta kidogo, Muzee akatembea bila taabu. Ilipovimba ikavuta sana, Muzee akalala chini na hakuinuka tena. Profu alisema kuna watu, wachache, waliowahi kuwaza kwamba dunia ilivimba, na kwamba wenzao wengi waliwakatalia. "Wenzao walikuwa watu wa bucha?" Papa Lonema akauliza. Profu akasema hadhani. "Basi!"

Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo kwa kitu kisichoweza kuliwa. Aliimba akikata nyama. Alisimulia kwa wachuuzi wa ng'ombe, kwa padri, kwa wanawake wa foleni ya maji. Alikuwa akiongeza mfupa wa bure kwa mteja yeyote aliyesikiliza hadi mwisho, na wengine walikuja kusikiliza mara tatu.

Kisha likaja jambo la karatasi. Profu siku moja aligeuza ule ukurasa wa tembo, akaona nyuma muhuri wa maktaba ya shule yake. Hakusema kwa lawama, alisema tu, "Hii ni yetu." Papa Lonema alipitisha kidole juu ya muhuri. Kisha akaingia ndani, akatoa rundo lote lililobaki, akatupa karatasi za ofisi, akatenga zile za shule, na kwa siku tatu yeye na Mama Jeanne walikaa mezani kwangu wakipanga kurasa na kufuta damu kwa kitambaa cha maji. Walizirudisha shuleni kwa mkokoteni, na nyama tukaanza kuifunga kwa majani. Mkuu wa shule alishukuru sana. Akamwomba Papa Lonema aje siku ya sherehe ya shule awaambie wanafunzi neno moja.

"Neno gani?" Mama Jeanne akauliza.

"Dunia," Papa Lonema akasema.

Alinunua daftari. Alijifunza mbele ya kioo. Shule iliagiza kwetu mandazi mia tatu ya sherehe, na hapo ndipo nilipoharibu mambo. Mama Jeanne hakutaka wanafunzi wagombane kwamba la huyu kubwa la yule dogo, akaniambia nipime kila bonge. Siku mbili kabla ya sherehe nilikuwa dirishani na mizani, nikijaribu. Nilitengeneza mabonge mawili sawa kabisa, sahani zikakaa sawa. Moja nikalikaanga kuona litakuwa na ukubwa gani. Likavimba, likapasuka vizuri, zuri kama dunia ya Papa Lonema. Nilipolirudisha kwenye sahani, kwa mazoea tu, mizani ikatikisika kidogo, ikatulia. Sawa.

Nilisimama pale mafuta yakaungua. Upande huu bonge dogo, upande huu andazi kubwa mara mbili, na shaba imelala sawa kama maji. Halikuwa limeongezeka kitu. Lilikuwa limejaa hewa.

Profu alipokuja mchana nilimwonyesha. Alitazama sahani, akatazama mlango, akashusha sauti.

"Niliona toka mwezi uliopita."

"Uliona?"

"Tena ni mubaya kupita vile unazania. Dunia ikiwa ndogo na uzito ule ule, inavuta zaidi, si kidogo. Maana uko karibu nayo yote. Muzee angezama kabisa."

"Na haukumwambia?"

Akaanza kula, akaacha. "Kavira, unamusikia anaimba?"

Nilimsikia. Alikuwa anaimba upande wa pili wa dirisha, anagonga mfupa.

Siku ile nzima sikuwa na amani. Profu alikuwa na diploma na alinyamaza kwa huruma. Mimi nilikuwa msichana wa mandazi, nakula na kulala katika nyumba ya yule mzee. Nilifikiri: nikinyamaza, atasimama mbele ya watu mia tano atacheka, na Mama Jeanne atasikia kicheko. Nikisema, huenda nikakiua kile kicheko, na hata nafasi yangu jikoni. Lakini nilijua pia kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kumpa mtu kilo yenye upungufu. Mizani ilikuwa yake. Sikuweza kuijua mizani yake inasema nini nikamficha yeye mwenyewe. Asubuhi iliyofuata, kabla hajafungua bucha, nilitengeneza mabonge mawili mbele yake, nikayaweka kwenye sahani, nikalichukua moja nikalikaanga. Tulisubiri pamoja livimbe. Nilipolirudisha na mizani ikatulia, nilisema tu, "Papa, inavimba lakini haizidi."

Alitazama kwa muda wa kusoma ukurasa mzima. Akalichukua andazi kutoka kwenye sahani, akaligawa, akatazama matundu ya hewa ndani. Akala nusu. Nusu akaiweka mezani. Akatoka. Siku ile hakuimba, na mchana Mama Jeanne aliniuliza, "Umemufanya nini mume wangu?" Nikamwambia. Akakaa kwenye benchi, mikono mapajani, akasema, "Aya."

Siku ya sherehe nilifika shuleni na mabeseni ya mandazi nikiwa sina hakika kama yeye atakuja. Alikuja. Amevaa koti la harusi yake, na nyuma yake kijana wa mkokoteni amebeba mizani ya shaba. Alisimama mbele ya wanafunzi, akafungua daftari, akaeleza kila kitu: tembo kumi na wawili, vipande nane vya nyama, mafundo ya kamba, Muzee wa majivu, dunia iliyovimba. Alieleza vizuri kuliko siku zote. Wanafunzi walipiga makofi, mkuu wa shule akasimama amkumbatie. Papa Lonema akamzuia kwa mkono.

"Bado. Kavira, kuya hapa na mandazi yako."

Nilitembea katikati ya watu wote wale na bonge moja la unga mkono wa kushoto na andazi moja mkono wa kulia. Niliweka, mizani ikalala sawa. Papa Lonema akawageukia wanafunzi.

"Munaona? Huyu mutoto amepima dunia yangu jana asubui, akakuta haina kitu. Mi nilikasirika siku nzima. Lakini balansi haina jamaa. Ile majibu yangu imekufa. Mandazi imeniua!" Akacheka, kile kicheko chenyewe, na shule nzima ikalipuka. Alipotulia akasema, "Lakini ulizo iko bado. Muzee alisimamaka namna gani? Mwenye kujua aseme."

Kisha msichana mmoja wa benchi la mbele, mdogo, sare imepauka, akainua kidole. Mama yake alikuwa anauza kuku sokoni, kila mtu alimjua.

"Papa, weye ulishaka kuchinja kuku?"

"Mi? Kuku?" Alisema kana kwamba ameulizwa kama amewahi kuchinja panya. Kwao, watu wa ng'ombe, mwanaume mzima hali kuku, na bucha yake haikuwahi kuona unyoya.

"Basi haujue. Mifupa ya kuku haijae kama ya ng'ombe. Iko mutupu ndani, ni hewa. Pengine Muzee wako hakukuwa ng'ombe. Pengine alikuwa kuku."

Profu Ukumu aliruka kutoka kwenye kiti chake. Alisema kwamba ndiyo, vitabu vipya vinasema hivyo, wanyama wale walikuwa jamaa ya ndege, na mifupa ya mgongo na shingo ilikuwa na hewa ndani. Alikuwa amesoma akasahau. Papa Lonema alifunga daftari. Miezi sita alikuwa amepima kila kitu kwa kamba ya ng'ombe, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba kamba ile ilikuwa ya mnyama mwingine. Kisha akamwomba yule msichana jina lake, na njia ya kwenda kwa mama yake.

Jioni ile nilipika kuku wa kwanza katika nyumba ile. Mama Jeanne alitaka kujua watu wa kwao wakisikia watasema nini, kisha akasema waache waseme, akaleta pilipili mwenyewe. Papa Lonema alikula paja akiwa amefumba macho, akasema ni kama kula wingu. Kisha akauchukua mfupa wa juu wa bawa, akauvunja ncha zote mbili, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akauchungulia kama darubini, upande mmoja kumtazama mkewe, upande wa pili kunitazama mimi. "Mutupu," akasema. "Mutupu, na unarukaka." Sijui kama mifupa yenye hewa inatosha kumsimamisha mnyama wa tembo kumi na wawili. Profu alisema inasaidia, haimalizi. Naandika alivyosema.

Nilikaa katika nyumba ile miaka minne zaidi. Watu wengi hudhani niliolewa na Profu. Hapana, niliolewa na fundi wa pikipiki, na Profu alirudi kwao Mahagi. Kicheko cha Papa Lonema kilibaki. Kuna siku kilipotea, bunduki ziliporudi upande wa mashamba na majina mapya yakaletwa msibani, lakini kilirudi kila mara.

Siku ya tatu ya kilio chake Profu Ukumu alifika kutoka Mahagi, ana mvi, suruali nyekundu kwa vumbi. Tulisalimiana kwa mikono miwili. Nje, chini ya maturubai, watu walikuwa wanakula ng'ombe. Mama Jeanne, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alikuja akatushika mikono, akatupeleka jikoni. Meko ni yale yale. Mizani bado imening'inia dirishani. Juu ya meza palikuwa na sahani mbili zimefunikwa.

"Bale wengine bakule ng'ombe," akasema. "Nyiye wawili hapana. Njo vile alisemaka mbele ya kufa: Kavira na Profu wakikuya, uwapikie kuku."

Tukakaa kwenye benchi, tukala, naye akatusimamia hadi tukamaliza. Profu akauchukua mfupa wa bawa, akauvunja, akauinua dirishani, akachungulia. Kisha akanipa mimi, nami nikachungulia.